Ekrani Iliyogeuzwa Ukutani

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kalume, na sasa ninaweza kusimulia. Angekuwa hai nisingefungua mdomo hata kwa kubembelezwa. Asubuhi ya msiba nilifika nyumbani kwake, kwenye mteremko ule unaotazama bandari ya Kalemie, nikawakuta wasichana wa ukoo wamekwisha kuanza kazi. Mmoja alikuwa anafagia, mwingine anapanga viti vya plastiki chini ya turubai, na Neema, mjukuu wa dada wa marehemu, alikuwa amesimama sebuleni mbele ya televisheni. "Mama Feza," akaniuliza, "na hii tunageuza?" Nikamwambia ageuze. Kwetu mtu akifa nyumbani, kila kitu kinachoweza kuonyesha sura hugeuzwa kitazame ukuta mpaka maiti atoke: vioo, picha zilizofunikwa kwa kioo, na siku hizi televisheni. Wengine husema ni ili marehemu asijione akakataa kuondoka. Wengine husema ni ili kifo kisione sura nyingine kikaipenda. Sababu hutofautiana nyumba kwa nyumba, lakini kugeuza, wote wanageuza. "Chomoa kamba kwanza," nikamwambia Neema, "usiivute." Nadhani nilisema kwa ukali, maana aliniangalia kwa mshangao. Nikaenda nyuma kukaa na wanawake waliokuwa wakichambua sombe, majani ya muhogo, na mikono yangu ikiendelea na kazi, mwaka ule ukanirudia wote.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire. Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya na viatu vya kuazima, daktilo, yaani mpiga taipu, wa mradi mmoja wa uvuvi uliokuwa na biro, ofisi yake, katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji, karibu na reli. Nyumba ilikuwa na baraza pana, sakafu ya vigae vyekundu ambavyo Mama Kalume alivipaka nta mpaka wageni wakateleza, na korido ndefu yenye kioo kikubwa ambacho sisi wafanyakazi tulikitumia kuliko tulivyotumia mashine za kuandikia. Juu ya mlango wa Direkta ilining'inia picha ya Rais. Chumba cha mwisho, chenye dirisha la upande wa ziwa, kilikuwa cha kompyuta, au ordinatere kama tulivyosema. Ilikuwa moja tu, na aliyeijua alikuwa mmoja tu: Kalume. Alikuwa amepelekwa Lubumbashi kujifunza, akarudi nayo kwa treni, na njia nzima alililalia sanduku lake watu wakidhani amebeba dhahabu. Mama yake, aliyekuwa mpishi na mfanya usafi wa biro yetu, aliifumia kitambaa cheupe cha krosheti chenye maua pembeni, kwa sababu katika mji huu kitu cha thamani hakikai uchi. Aliiita televizheni ya Kalume, na aliionea huruma.

"Televizheni gani hii?" alikuwa akituuliza akituwekea sahani. "Haina mupira, haina nyimbo, paka maneno, maneno tu!"

"Mama, hii inafanyaka hesabu," Kalume anajibu.

"Hesabu hata mimi nafanyaka. Na mimi sihitaji umeme."

Tulikuwa tunakula jikoni nyuma ya nyumba, kwenye benchi moja, bukari, ugali wetu, ikiwa moto, na samaki wa mikebuka wa kukaanga, jiko la mbabula likifuka moshi wake wa makaa miguuni mwetu. Nikifumba mdomo sasa hivi naipata ile ladha ya pilipili ya Mama Kalume, aliyoisaga na chumvi peke yake, bila nyanya, akisema nyanya ni kwa watu waoga. Kalume alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa na cheko la ghafla. Kila mtu pale alijua kwamba ananipenda, hata kabla yangu. Familia zilikuwa zimekwisha kuonana, na tulikuwa tufunge ndoa baada ya kiangazi. Mama yake hakunisubirisha; alianza kuniita mukamwana, mke wa mwanawe, mbele ya Direkta, nikitamani ardhi ipasuke.

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuamsha mashine. Nilitangulia kufika, nikakikunja kitambaa, nikawasha kisanduku cha kutuliza umeme, kisha mashine yenyewe, kisha ekrani, skrini yake. Ililia mlio mmoja mfupi, "pii," taa za kibodi zikakonyeza, na baadaye herufi nyeupe zikaanza kupanda kwenye weusi. Sikuzielewa, lakini nilipenda kuzitazama. Nilimwambia Kalume siku moja kwamba inaniudhi kuona nikiiamsha kila siku nayo hata haisalimii. Alicheka, akasema mashine inaweza kufundishwa adabu. Ijumaa moja jioni alibaki nyuma kidogo, akaandika kitu huku akiifunika ekrani kwa mwili wake ili nisione. Tulipokuwa tunashuka barazani akaniahidi jambo la Jumatatu: "Lundi ukiiwasha, utaona kitu."

"Kitu gani?"

"Lundi, Feza. Hata treni inangojewaka."

Jumamosi ile Papa Mulongo, mlinzi wetu mzee, alifariki chumbani kwake, mle mle ndani ya lupango, ua wa biro. Alikuwa ameugua kifua muda mrefu. Matanga yakaanza pale pale, wakati watu wake wa Nyunzu wakitafuta nafasi ya kumsafirisha kwa treni. Nilipofika Jumapili baada ya misa nilikuta baraza imejaa watu na Mama Kalume, mwenye funguo zote, amekwisha kuiweka nyumba sawa kama inavyotakiwa. Kioo kikubwa cha korido kilikuwa kimegeuzwa. Picha za Direkta na wageni wake zilikuwa zimegeuzwa. Rais peke yake alikuwa bado anatutazama, maana hakuna aliyetaka kuulizwa kwa nini amemgeuza Rais akatazama ukuta. Kalume alininong'oneza kwamba hata kifo kingemwogopa, na tulitoka nje haraka tusije tukachekea msibani. Sikuingia chumba cha mwisho. Sikuwa na sababu ya kuingia. Jioni maiti aliondoka, Mama Kalume akarudisha kila kitu mahali pake, na Jumatatu biro ikafunguliwa.

Nilikikunja kitambaa nikiwa na tabasamu tayari. Nikawasha. Mlio ukasikika, taa za kibodi zikakonyeza, lakini ekrani ilibaki nyeusi. Nikasubiri. Taa yake ndogo pembeni, ambayo siku zote ilikuwa ya kijani, ilikuwa ya manjano. Nikazima, nikawasha tena, nikaita. Kalume alikuja akikimbia, na naukumbuka uso wake: hakukasirika, alihuzunika kama mtoto aliyetayarisha wimbo na wageni wakakosa kuja. Kisha akavua saa, akaiweka mezani, akaanza kazi.

Nataka ijulikane kwamba aliifanya kazi ile vizuri. Alijaribu soketi nyingine. Alileta taa ya mezani akaichomeka palepale kuhakikisha kwamba umeme upo. Alizungusha kidude cha mwanga mpaka mwisho, huku na huku. Aliinama nyuma, akafuata kamba ya ekrani kwa vidole mpaka mahali inapoingia kwenye mashine, akaisukuma. Ilikuwa imekaa imara. Akafungua kisanduku cha mashine, akapuliza vumbi, akagusa kila kadi, akafunga. Alinieleza kila hatua, maana alitaka nami nijifunze. "Sikia," aliniambia. "Inalia mara moja, njo kusema ndani iko muzima. Ingelia mara nyingi, ndani iko mugonjwa. Kibodi inajibu. Basi mashine inasema, na ekrani haisikie." Akaketi. "Ni ekrani njo imekufa." Kwa vile alivyovijua na vyombo alivyokuwa navyo, hata leo siwezi kumkosoa. Kamba aliisukuma, hakuivuta. Mtu yeyote angeisukuma.

Direkta hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu mwenye hofu. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Kinshasa kuangalia kama mradi unastahili kuendelea, na alitaka waikute mashine ikifanya kazi. Nilimsikia kupitia ukuta, maana kuta zile hazikuficha kitu, akimwambia Kalume kwamba wakiikuta imekufa wataipeleka kwingine, na Kalume naye hatakuwa na kazi hapa. Kalume akajibu kwamba ana rafiki Kigoma, fundi wa redio, ambaye ana ekrani ya kufaa. Atavuka, achukue, arudi. Kuvuka ziwa kwetu hakukuwa jambo la kustaajabisha. Watu walivuka kwenda kuuza mafuta ya mawese na kurudi na sabuni. Lakini Mama Kalume hakupenda. Niliwakuta jikoni, yeye akikuna mwiko kwenye sufuria kwa nguvu zisizohitajika.

"Upepo wa kiangazi umeanza," alisema. "Ngojea kwanza."

"Mama, bageni hawatangojea."

"Juu ya televizheni unataka kuingia mumayi, ndani ya ziwa?"

"Si televizheni, Mama. Ni kazi. Na kazi njo ndoa." Akanigeukia, akanikonyeza. "Tena iko na kitu ndani ambacho Feza hajaona."

Nilimsindikiza mpaka bandarini asubuhi, mama yake akiwa amemfungia mikate na samaki wa kukausha kwa safari. Nilimuuliza mara ya mwisho ni nini kilichomo ndani ya mashine. Alisema, "Utaona ikipona." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nimeyachukia na kuyapenda kwa zamu tangu siku ile.

Alifika. Tulipata habari kwa fonia, simu ya redio, kwamba amefika, amepata ekrani, anarudi. Kila asubuhi niliendelea kuiwasha mashine, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ilinililia "pii" gizani, nikaizima. Halafu boti ikachelewa. Watu wakaanza kusema labda injini, labda wamejificha nyuma ya rasi mpaka upepo upungue. Mama Kalume aliacha kutia chumvi kwenye chakula bila kujua, na sote tukala hivyo hivyo bila kumwambia. Mwishowe walifika wanaume wachache waliookolewa na wavuvi, wamevimba midomo kwa jua. Mmoja wao, mchuuzi wa sabuni, alikaa barazani kwetu akatueleza. Mawimbi yalipopanda, nahodha aliwaamuru watupe mizigo. Wengine waligombana. Kalume alikuwa amepakata sanduku lake lililofungwa kwa blanketi; alisimama, akalitupa bila kuulizwa mara ya pili, akasema, "Vitu vinapatikana tena," akamsaidia mchuuzi yule kutupa vyake. Boti ikapinduka hata hivyo. Nimeyashika sana maneno ya mtu yule. Kalume wangu hakufa kwa kung'ang'ania kitu. Alikiachia, na ziwa likamchukua vilevile.

Hatukumpata. Tulifanya matanga bila maiti, shati lake limetandikwa juu ya kitanda, na tulililia shati. Wanawake walikaa sakafuni, mimi kando ya Mama Kalume, nikiwa si mjane wala si mgeni, nimepewa nafasi ambayo haina jina. Alilia kwa kuongea, kama wanavyolia wanawake wa kwao, akimhoji Mungu na kila aliyemo chumbani. Na katikati ya kilio kile alisema:

"Nilikosa wapi? Papa Mulongo alipokufa nilifanya yote! Kioo niligeuza! Picha niligeuza! Mpaka televizheni ya Kalume niligeuza, na iko nzito, miye peke yangu! Kamba yake ikatoka, nikairudisha na mikono yangu, nikaisukuma sana mpaka ikaingia! Niligeuza yote, kifo kisione mutu! Kwa nini kilimufuata mutoto yangu?"

Wanawake waliitikia kwa vilio. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuyapima maneno yale. Mimi, nimeshikilia mkono wake, niliyapima. Nilitamani niwe mjinga. Nilitamani Kalume asingenifundisha chochote.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kwenda biro kuchukua kanga yangu. Niliingia chumba cha mwisho, nikafunga mlango, nikainama nyuma ya mashine. Kamba ilikuwa imara, kama alivyosema. Nikaishika, nikaivuta. Ilitoka kwa shida. Mdomoni mwake kulikuwa na visindano vidogo vilivyopangwa safu, na viwili vilikuwa vimelala, vimebanwa kwa nguvu za mwanamke aliyekuwa na haraka ya kuwalinda watu wake. Nilichukua kibanio cha nywele zangu, nikavinyanyua polepole, kimoja, kisha kingine. Nikarudisha kamba. Nikawasha. "Pii." Taa ikawa ya kijani. Herufi nyeupe zikaanza kupanda kama zamani, na zilipotulia, chini kabisa, palikuwa na mstari mmoja kwa Kiswahili:

UMEAMUKA, FEZA? MIMI NILIAMUKA NIKIKUWAZA.

Nilikaa kwenye kiti chake. Kumbe kila asubuhi, tangu Jumatatu ile, alipokuwa Kigoma, alipokuwa katikati ya ziwa, hata baada ya ziwa, mashine ilikuwa inaniuliza. Ilikuwa inaniuliza na mimi naizima. Nililia mpaka nikaogopa kwamba nitasikika, nikauma kanga. Nilimjibu kwa sauti ya chini. Nilisema nimeamka, Kalume, nimeamka. Halafu nikaanza kufikiri, na kufikiri kulikuwa kubaya zaidi ya kulia.

Maana mashine ikipona, Direkta atauliza imeponaje. Atafurahi, atamwambia kila mtu kwamba haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa ni kamba tu. Mama Kalume yuko jikoni, kuta hazifichi kitu, na si mjinga. Angejumlisha. Angejua kwamba mikono yake ndiyo iliyompandisha mwanawe kwenye boti. Mimi nilikuwa nimempoteza Kalume. Nilijua ukubwa wa kitu hicho, nilikuwa nakibeba. Kingine cha namna ile juu yake kingemuua. Basi niliutazama ule mstari mpaka nikaumeza, nikazima, nikachomoa kamba, nikavilaza vile visindano viwili tena kwa kibanio kilekile, nikaisukuma kamba mpaka ikawa imara. Nikatandika kitambaa cha krosheti, nikanyoosha maua yake. Wageni wa Kinshasa walipokuja waliikuta imekufa. Mradi ulifungwa kabla mwaka haujaisha, na vitu vyote vikapakiwa kwenye behewa, nayo ikiwemo. Kama kuna mtu aliyevinyoosha visindano vile mahali fulani na kuulizwa kama ameamka, sijui. Sioni haya kwa nililolifanya. Ningelifanya tena kesho.

Niliolewa baadaye na mtu mwema, nikazaa, naye nikamzika. Lakini kwa Mama Kalume sikukoma kwenda. Hakuwa na mtoto mwingine, na mji mzima uliendelea kumwita kwa jina la yule aliyekufa, kila siku, sokoni, kanisani, kisimani. Nilipeleka unga, nilimsuka, nilimsikiliza. Mara moja moja, tukiwa tunakula, alikuwa anainua uso kutoka kwenye sahani na kuniuliza neno lilelile. Mara ya mwisho ilikuwa majuma machache kabla hajaondoka. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Akausogeza mkono wangu.

"Feza. Ile televizheni ya biro. Ilikuwa imekufa kabisa?"

"Ilikufa kabisa, Mama."

"Kalume hakuenda bule?"

"Hakuenda bule, Mama. Alienda juu ya kazi ya kweli."

Aliniangalia muda mrefu kwa macho yale yaliyokuwa yameingia ukungu. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni mwangu, wala kama alikipata. Kisha akafungua mdomo kupokea uji.

Basi siku ile ya msiba, baada ya kutoka makaburini, wasichana walianza kuirudisha nyumba. Vioo vikageuzwa, picha zikatazama watu tena. Neema aliigeuza televisheni, akachomeka kamba, akabonyeza. Ikawa nyeusi, na maneno madogo ya Kifaransa yakiyumba katikati kusema kwamba hakuna kinachoingia. Vijana wakajongea na ujuzi wao. Mmoja akasema imeungua, mwingine akasema inahitaji fundi, wa tatu akasema anamjua mtu anayeuza nzuri zaidi Uvira. Nilipita katikati yao. Nikapeleka mkono nyuma, nikaipata kamba ya antena, nikaivuta ikatoka, nikaitazama, nikairudisha sawasawa. Picha ikaja na sauti yake yote.

"Kumbe ilikuwa kamba tu!" Neema akapaza sauti, akicheka, akipiga makofi. "Jamani, ilikuwa kamba tu!"

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nikageuka haraka kuutazama mlango wa chumba cha Mama Kalume, kuona kama amesikia. Mlango ulikuwa wazi, na kitanda kimekwisha kutolewa godoro.